Kushona baada ya kazi bila kuikinai cherehani

Wengi wanaopenda kushona huanza kuchoka wiki ile ile wanayopokea kitambaa cha kwanza cha mtu mwingine. Kabla ya hapo wanashona foronya na sketi za watoto, wanafumua, wanarudia, na hakuna anayewauliza lolote. Kisha jirani anaona gauni zuri, anasema, "Na mimi unishonee, la Idi hii." Kitambaa kinaingia ndani na tarehe inaingia nacho. Kuanzia siku hiyo mtu anakaa kwenye cherehani kwa sababu anadaiwa.

Maelezo haya ni ya mtu mwenye ajira, biashara au masomo mchana na cherehani jioni, anayetaka miaka kumi ijayo bado aipende, awe anauza au hauzi.

Ujue kwanza unachokipenda ni kipi

Kuna wanaopenda nguo na kuna wanaopenda kushona. Wa kwanza hufurahia kuchagua kitambaa, kuoanisha rangi, kuvaa na kusifiwa. Cherehani kwao ni foleni tu ya kuvumilia. Hao watapata raha zaidi wakiwa wateja wa fundi mzuri, na hakuna aibu yoyote katika hilo. Shida ni kwamba wengi hugundua hivyo baada ya kununua mashine.

Kwa hiyo usinunue. Azima, au elewana na fundi wa mtaani akukodishe yake saa ambazo hana kazi, ushone vitu vinne kwa mpangilio huu. Foronya, upate kunyoosha mstari. Sketi ya lastiki, ujifunze kuunga na kupiga pindo. Suruali ya kulalia, ukutane na ile pinde ya katikati ya miguu ambayo huwashinda wengi mara ya kwanza. La nne ni shati la mtumba: nunua la bei ndogo lenye ukosi, ulifumue lote, upige vipande vyake pasi, uvichore kwenye magazeti, ukate kitambaa rahisi na uunge upya. Ndani ya shati moja utaona jinsi mzingo wa juu wa mkono unavyozidi kidogo shimo la kwapa, jinsi ukosi unavyosimama kwa sababu una kitambaa kigumu katikati, na mahali fundi aliyetangulia alipoacha nafasi ya kupanua.

Katika kazi hizo nne jichunguze zaidi wakati wa kufumua na wakati wa kupiga pasi, maana hapo ndipo sehemu kubwa ya ushonaji ilipo. Ukifumua huku umekasirika lakini bado unataka kujua kwa nini mshono ulipinda, mapenzi yapo. Ukiruka pasi ili ufike mwisho upige picha, unachokipenda ni matokeo. Jingine la kuangalia ni unakokwenda mwenyewe bila kusukumwa: wapo wanaopenda kuchora pateni, yaani vipande vya karatasi vya kufuata wakati wa kukata, na kukata kitambaa, lakini kushona kunawachosha, na wapo wanaopenda kudarizi tu. Anayejua hivyo mapema hujipunguzia mzigo. Anayependa kukata anaweza kukata na kumlipa mwingine aunge. Mafundi hugawana kazi hivyo kila siku.

Mwaka 2003 mwanasaikolojia wa Québec, Robert Vallerand, na wenzake walieleza namna mbili za kupenda shughuli. Kuna anayeishika shughuli yake na anaweza kuiweka chini akaenda kufanya mengine, na kuna anayeshikwa nayo hata anaposema leo napumzika. Fundi wa jioni anaweza kujipima Jumamosi akiwa harusini: akili iko kwenye ngoma, au iko kwenye zipu aliyoiacha nyumbani?

Saa, si ari

Watu husema wameishiwa ari. Mara nyingi ukikaa nao na karatasi unakuta walichoishiwa ni saa, tena waliishiwa siku walipopokea kazi.

Chukua gauni rahisi la kitenge, zipu nyuma, bila bitana, kwa mkono ambao bado si mwepesi. Kupima na kuchora pateni ni saa 1. Kulaza kitambaa na kukata ni dakika 45. Kuunga ni saa 3. Kuziba kingo zisichanike, zipu, pindo na pasi ya mwisho ni saa 1 na nusu. Jumla saa 6 na robo. Likiwa na bitana ongeza saa 2. Kisha ongeza theluthi kwa ajili ya mambo yasiyoandikwa popote: kutafuta uzi wa rangi inayofanana, mteja kuja kujaribu na kukaa kunywa chai, ujumbe wa WhatsApp wenye picha ya mshono mwingine kabisa, na kufumua. Gauni lako la saa 6 sasa ni la saa 8.

Upande wa pili weka saa ulizonazo. Jioni tatu za saa 2 na Jumamosi saa 4 ni saa 10 kwa wiki. Hizo ni saa za wiki ambayo umeme haukukatika, mtoto hakupata homa na hakukuwa na msiba. Panga kwa saa 7. Wiki 6 kabla ya Idi ni saa 42, nazo ni magauni 5. Anayehesabu zile saa 3 za kuunga peke yake, na kuchukua saa 10 zote za wiki, anapata magauni 20 na anayakubali yote. Hayo 15 ya ziada ndiyo yanayoshonwa saa 8 usiku.

Fanya hesabu hii kwa nguo zako mwenyewe. Weka daftari karibu na cherehani, andika ulipoanza na ulipoacha, kwa nguo nne au tano tu. Watu huona aibu wanapogundua kwamba shati la ukosi linawachukua jioni nne. Hiyo aibu ivumilie; takwimu hiyo itakuokoa mwaka mzima.

Kalenda nayo isomwe mapema. Krismasi haiondoki mahali pake, sare za shule hubana Januari, na Idi hurudi nyuma siku 10 hadi 12 kila mwaka kwenye kalenda ya kawaida, kwa hiyo msimu wako wa kazi nyingi unahama. Kwa hesabu za mwandamo, mwaka 2033 Idi ya Fitri na Krismasi zitaangukia wiki moja, na fundi atakayekuwa hajajipanga mwaka huo atajuta. Funga kupokea kazi wiki 3 kabla ya sikukuu. Wiki ya mwisho isiwe na nguo mpya hata moja. Ni ya kubana kiuno, kushusha pindo na kubadilisha zipu iliyokataa.

Kitambaa kibaki kwao

Kama kuna jambo moja la kushika katika yote haya, ni hili: usipokee kitambaa kabla zamu yake haijafika. Kitambaa kilichokaa kwako kwenye mfuko ni deni linalokutazama kila ukipita. Mwenyewe anaamini kazi imeanza, na wewe unajua haijaanza, na kati yenu unazaliwa ule uongo maarufu wa mafundi: "Njoo Jumamosi, bado kifungo tu."

Kwa mteja wa kawaida ni rahisi: "Nafasi yangu inafunguka tarehe 12. Kaa nacho, nitakupigia tarehe 11." Kwa ndugu ni kazi kidogo, kwa kuwa mama mdogo hakuleta kitambaa, ameleta undugu. Usimkatalie kwa kujieleza sana. Maelezo marefu hugeuka mjadala. "Shikamoo mama. Nguo yako nataka niishone nikiwa na akili iliyotulia. Mikono yangu imejaa mpaka baada ya Idi. Kibaki kwako kisije kikachanganyika na vya watu." Akiacha kwa nguvu, mrudishie kesho yake kwa heshima, na umpimie vipimo pale pale ili aone umelipokea ombi.

Zamu inapofika, mpe mteja tarehe ya kujaribu kwanza. Ya kuchukua mtaipanga baada ya hapo. Unga gauni kwa mishono mirefu ya milimita 4 au 5, bila kuziba kingo, alivae, uweke alama kwa chaki. Mshono huo hufumuka kwa dakika chache. Wanaoruka hatua hii hushona nguo nzima kwa milimita 2.5, mteja analivaa siku ya kuchukua, kifua kinabana, na kazi ya saa 8 inaanza upya kwa mkono wenye kinyongo. Kwa sababu hiyo hiyo acha inchi 1 kwenye mishono ya ubavu badala ya nusu inchi, na uongeze inchi 2 au 3 kwenye kipimo cha kifua ili mtu aweze kupumua na kuinua mikono.

Jioni za siku za kazi

Uchovu wa mchana hauonekani mpaka umeharibu kitu, na vitu vinavyoharibika usiku ni vile vile. Mikono miwili yote ya kushoto, kwa kuwa kitambaa kilikunjwa vibaya. Ndege wa kitenge waliokaa kichwa chini mgongoni. Kipande cha mbele kilichokatwa bila nafasi ya mshono. Yote hayo ni makosa ya kukata. Kwa hiyo kukata kuwe Jumamosi asubuhi, na jioni za siku za kazi ziwe za kuunga vilivyokatwa, kupiga pasi, kushona vifungo, kuchora pateni. Mshono ukikosewa unafumuliwa. Mkasi ukikosea, unakwenda dukani kununua kitenge cha mtu kwa pesa yako, na mara nyingi dukani hakipo tena.

Kitambaa cheusi na cha samawati iliyokolea navyo vingoje mchana. Chini ya balbu moja huoni mshono wako, unakodoa macho, na kichwa kinauma kabla ya saa 1 kuisha. Usiku shona rangi za kung'aa.

Kitenge na pamba nyingine vilowekwe na kukaushwa kabla havijafika mezani. Pamba mpya hupungua. Asilimia 3 tu ya gauni la inchi 50 ni inchi 1 na nusu, yaani pindo lote. Kuloweka huwa ni dakika 10 za Alhamisi usiku. Kusahau kuloweka ni malumbano ya wiki mbili.

Halafu kuna lile fundo la nyuzi linalojikusanya chini ya kitambaa, adui wa saa 4 usiku. Wengi hukimbilia bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Mara nyingi kosa liko juu: uzi haukuingia vizuri kati ya visahani vya kukazia. Inua mguu unaokandamiza kitambaa, toa uzi wa juu wote, upitishe upya mguu ukiwa juu, kisha ushushe na ujaribu kwenye kitambaa chakavu. Mishono ikiruka, badilisha sindano. Namba 14 kwa kitenge, 16 kwa jinzi, 11 kwa shifoni, na ya ncha butu kwa vitambaa vinavyovutika. Sindano huchoka baada ya kama saa 8 za kushona, ingawa kwa macho inaonekana nzima. Tunataja haya hapa kwa sababu watu huacha ushonaji wakidhani wamekosa kipaji, kumbe sindano ni ile iliyokuja na mashine.

Ukifumua mshono ule ule mara ya pili, zima taa. Mara ya tatu usiku huo huwa mbaya kuliko ya kwanza, na kitambaa kinaanza kutoboka.

Mgongo, shingo, kifundo cha mkono

Kukatia mkekani ndiko kunakoharibu migongo. Meza ya kukatia inapaswa kufika usawa wa nyonga, karibu sentimita 90. Meza ya kulia ukiiinua kwa vipande vya mbao inatosha. Cherehani ikikaa kwenye meza ya kawaida mabega hupanda bila mtu kujua, basi inua kiti kwa mto mgumu mpaka viwiko vilingane na meza, na miguu iwekewe kibao. Weka simu ilie kila dakika 40, usimame, utazame mbali nje ya dirisha. Mkasi wa kitambaa usikate karatasi hata siku moja. Ukishakuwa butu unaukamua kwa nguvu, na maumivu ya kifundo yanaanzia hapo.

Bei inayochosha

Fundi wa mtaani hushona lile gauni kwa saa 2 au 3. Wewe ni saa 8. Ukichukua bei yake, umeuza saa yako kwa theluthi ya yake, na mwili unaijua hesabu hiyo hata kama hujaiandika. Tuseme zipu, uzi na vifaa vingine ni shilingi 9,000, umeme na uchakavu 2,000, na saa yako umeipa 4,000: gauni linafika 43,000. Kama mtaani kwenu wanalipa 25,000, una njia mbili za heshima. Shona vitu ambavyo fundi wa haraka havitaki, kwa mfano kurekebisha suti, bitana za kutosha, kudarizi kwa mkono, nguo za mtu asiyepata vipimo vyake dukani. Au usiuze kabisa. Shona vya kwako na vya zawadi.

Njia ya pili hudharauliwa bure. Mwaka 1971 Edward Deci, huko Marekani, aliwapa wanafunzi mafumbo ya vipande vya kupanga. Baadhi walilipwa kwa kila fumbo, na malipo yalipokoma walicheza nayo kidogo wakati wao wa mapumziko kuliko ambao hawakulipwa kabisa. Hii haina maana kwamba pesa huua mapenzi siku zote. Inatosha kumfanya mtu ajiulize mara mbili kabla ya kugeuza kila anachokipenda kuwa oda.

Ukiuza, chukua nusu ya malipo kabla mkasi haujagusa kitambaa. Bila hivyo unatumia mshahara wako kununua zipu za watu, na nguo zilizokamilika zinakaa mlangoni miezi kadhaa zikingoja wenyewe.

Anayeuza aweke pia kazi moja isiyo na mwenyewe wala tarehe. Zanzibar na Lamu watu hushona kofia za vito kwa mkono, vitobo vidogo kimoja kimoja, nyumbani au barazani huku mazungumzo yanaendelea, na kofia moja nzuri huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Cha kujifunza ni ile hali ya kuishika na kuiweka chini bila kuulizwa. Shuka ya vipande, blauzi ya kudariziwa, chochote, lakini mteja asikione, maana akikiona atakitaka.

Ukishafika mwisho wa nguvu

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kazi kwa alama tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuitazama kwa kejeli, na kuhisi hufanyi tena vizuri. Kwenye cherehani zinaonekana hivi: unakaa, unapitisha uzi, unainuka. Unawasema wateja vibaya hata wasio na kosa. Unaruka pasi, unaacha nyuzi zinaning'inia, na unaona ni sawa. Kuna ya nne ambayo mafundi wote wanaijua: unazima simu Ijumaa.

Hapo motisha haisaidii. Toa mifuko yote, uipange sakafuni mafungu matatu. Kisichokatwa kirudi kwa mwenyewe pamoja na pesa yake, wiki hii, na upige simu kabla hajapiga yeye. Kilichokatwa kimalizwe kimoja kimoja kwa kufuata aliyeanza kusubiri, hata kama wa mwisho ndiye anayepiga kelele zaidi. Kilichokamilika kipelekwe, usingoje kuja kuchukuliwa. Wengi hushangaa kuona fungu la kwanza ndilo kubwa kuliko yote. Baada ya hapo usipokee kitu kwa wiki 4. Kama wiki hizo zikipita na bado usingizi hauji, chakula hakina ladha, na hata mambo yasiyohusu nguo hayakufurahishi, nenda kwa daktari. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo na sonona huweza kuonekana hivyo hivyo, na mapumziko hayaviponyi.

Mashine nayo ipumzishwe vizuri, hasa pwani ambako chumvi na unyevu hula chuma. Toa sindano, futa vumbi la nyuzi chini ya bamba, tia tone moja la mafuta ya cherehani kila penye tundu lake, zungusha gurudumu kwa mkono mara kadhaa, uifunike kwa kanga kuukuu. Nailoni hufungia unyevu ndani. Siku utakayorudi, weka sindano mpya na ushone kwanza kwenye kitambaa chakavu mpaka mafuta yaache kutoka, ndipo ulete kitambaa chako. Hicho cha kwanza kiwe cha kwako.